Kabla Ununue Pleya ya Santuri, Sikiza Vile Niliharibu ya Mzee

Kila nikipost video ya mzee akicheza santuri zake, inbox inajaa swali lile lile: hiyo mashine umetoa wapi, na ni how much? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hivyo leo naandika yote mara moja. Lakini sitaanza na bei. Mimi nilianza na bei, na ndio maana kuna santuri moja kwa nyumba yetu ambayo haitawahi kulia vizuri tena.

Mzee ako na sanduku la mbao la santuri ndogo, zile za spidi ya 45. Ziko kama mia moja na kitu. Kuna Super Mazembe, kuna Les Mangelepa, kuna Shirati Jazz, kuna "Lunch Time" ya Gabriel Omolo ambayo jalada lake lilishaliwa na panya kitambo. Alizinunua akiwa kijana amefika Nairobi kutafuta kazi, mshahara ukiingia anashuka River Road Jumamosi kabla hata ya kununua unga. Hiyo ya unga ni mathe anasema, mzee hukana. Mashine ya kuzicheza aliiuza 2002, dadangu alipoitwa Form One. Santuri hakuuza. Alizifungia kwa sanduku, akaweka juu ya kabati, na zikakaa hapo mimi nikizaliwa, nikimaliza primary, nikimaliza high school. Kwangu zilikuwa tu mzigo wa kusukuma siku ya kupanguza vumbi.

Mwaka juzi alistaafu. Akaanza kukaa kwa nyumba mchana kutwa, na unajua vile wazee wakistaafu huwa: anarekebisha bomba ambayo haijaharibika, anauliza nani amesogeza remote. Siku moja nikamkuta ameteremsha lile sanduku, anapanguza santuri moja moja na kitambaa cha miwani, na hana kitu cha kuzichezea. Nikasema huyu mtu lazima nimnunulie mashine.

Sasa, mimi ni mtoto wa Instagram. Nilijua tayari ile nataka: ile ya mkoba, yenye spika zake ndani, rangi ya kijani kama ya peremende, unafungua kifuniko inakaa poa sana kwa picha. Thao nane na mia tano. Muuzaji akaniambia inacheza kila aina ya santuri, iko na Bluetooth, iko na kila kitu. Nikalipa. Kwa video ilikaa kama sinema. Mzee alishika mikono yote miwili kichwani, na hiyo post ndio mlinijulia nayo wengi wenu.

Kile hamkuona ni kilichofuata. Santuri ya tatu ikaanza kuruka. Sindano inafika mahali, inaruka, inarudia, inaruka. Santuri ilikuwa imejipinda kidogo kwa kukaa miaka hiyo yote chini ya nyingine. Mimi nikaingia mtandaoni, nikaona msee amebandika sarafu juu ya mkono wa sindano ndio usiruke. Nikachukua shilingi tano, nikabandika na selotepu. Na kweli ikaacha kuruka. Nikajiona fundi.

Hiyo santuri ilikuwa ya benga, ya lebo ndogo ambayo maandishi yake yamefifia mpaka huwezi kusoma jina la bendi. Mzee hahitaji kusoma. Aliyepiga gitaa la pili hapo ndani walikuwa wanakaa nyumba moja Kaloleni, walikuwa wanapokezana viatu vya kwenda interview. Alishakufa. Hakuwa maarufu, na huo wimbo nimeutafuta YouTube, nimeutafuta kwa zile blogu za wazungu wanaokusanya miziki yetu, haupo. Ile nakala iko kwa sanduku letu ndio hiyo tu naijua duniani.

Tuliicheza upande A mara nne hiyo wiki, na shilingi yangu tano juu. Mara ya nne ilikuwa inatoa sauti ya kukaanga, kama viazi vimeingia kwa mafuta moto, na gitaa limejificha nyuma ya hiyo kelele. Nikashika santuri nikaielekeza kwa dirisha. Mifereji ilikuwa imegeuka rangi, kijivu fulani badala ya nyeusi ya kung'aa.

Mzee hakunigombeza. Alichukua santuri, akairudisha kwa bahasha yake, akasema, "Basi, kijana, tuiwache ipumzike." Ningependelea anigombeze.

Hapo ndio nilianza kusoma vizuri, na kuuliza mafundi. Wacha niwaeleze kama vile nilielezwa, kwa sababu hii kitu si ngumu, ni vile tu watu huiweka kwa lugha ya kutisha.

Santuri ni mfereji mmoja mrefu unaozunguka kutoka nje kwenda ndani. Sindano inakaa ndani ya mfereji, kuta za mfereji zinaitikisa, na huo mtikisiko ndio muziki. Kitu cha kwanza cha kujua kuhusu mashine yoyote ni huo mkono unabonyeza santuri kwa uzito gani. Katriji nzuri ya kawaida ya siku hizi, kwa mfano AT-VM95E ya Audio-Technica, inataka gramu 2. Nyingi za hizi mashine za mkoba zinatumia katriji ya aina ya seramiki, na zinaweza kubonyeza gramu 5 au zaidi, na huwezi kupunguza kwa sababu mkono hauna kile chuma cha nyuma cha kusawazisha. Weka shilingi juu ya hiyo. Nilikuwa nalima shamba. (Na kabla mseme mashine za zamani pia zilikuwa nzito: ndio, nyingi zilikuwa. Ndio maana santuri nyingi za kuokota sokoni zimelika tayari. Hiyo si sababu ya kumalizia zilizobaki.)

Kwa hivyo swali la kwanza ukienda kununua si rangi wala Bluetooth. Uliza: mkono unaweza kusawazishwa? Sindano inaweza kutolewa na nyingine kuwekwa, na hiyo nyingine inapatikana? Muuzaji akianza kukuonyesha kifuniko, ondoka.

Shangazi yangu ako Marekani, na aliposikia hii story alisema atatuma mashine kali ya kitambo aliyoona kwa duka la mitumba huko, dola arobaini. Nilikuwa karibu kusema ndio. Fundi mmoja Luthuli Avenue ndiye aliniokoa. Umeme wa huko ni volti 120 na hezi 60, wetu ni 240 na hezi 50. Volti unaweza kupunguza na transfoma. Hezi transfoma haigusi. Na mashine nyingi za zamani zina mota inayofuata hezi za umeme kuamua spidi, kwa hivyo ile iliyotengenezwa kuzunguka mara 33 na kitu kwa dakika kule, hapa itazunguka chini ya 28. Kila mwimbaji atasikika kama amelewa na yuko karibu kulala. Zingine unaweza kubadilisha puli ya mota, zingine zina mota za aina tofauti zisizojali, na zile zinazotumia adapta ya nje hazina shida sana, unapata adapta ya hapa. Lakini uulize kabla mtu hajabeba kitu kilo nane kwa ndege.

Mwishowe nilichukua mashine ya Kijapani ya miaka ya themanini, ya mkanda, kutoka kwa huyo huyo fundi. Thao kumi na moja. Ilikuwa mbaya kuangalia, kifuniko kimepasuka kona, lakini mkono ulikuwa sawa, una chuma cha uzito nyuma, na katriji inatoka kwa skrubu mbili. Fundi akaweka mkanda mpya. Sindano mpya nikanunua kando, na hapo usibahili. Ukipewa mashine ya mtumba na sindano yake ya zamani, ihesabu sindano kama imekufa. Huwezi kujua imecheza masaa mangapi, na iliyolika hukata santuri kama kisu. Bora ukae mwezi mzima bila kucheza.

Kuna wenye mtaniuliza kuhusu Technics SL-1200. Najua, kila DJ anaiota. Ilitoka 1972, ikawa chuma cha madijee dunia nzima, wakaacha kuitengeneza 2010, ikarudi 2016 na bei ya kuuza ng'ombe. Ukiipata nunua. Kama unataka kitu kipya, cha bei ya kueleweka na hutaki kushika bisibisi, AT-LP60X inatosha, inajiendesha yenyewe, unabonyeza kitufe mkono unaenda. Lakini katriji yake huwezi kuitoa ukaweka aina nyingine, unabadilisha sindano tu. Mimi nilitaka kitu mzee anaweza kukifungua na kukifunga, kwa sababu amestaafu na anataka kitu cha kufungua na kufunga.

Basi nikaileta nyumbani Jumamosi. Mzee amevaa shati la kanisa, kwa nini sijui. Nikachomeka waya mbili, nyekundu na nyeupe, nyuma ya wufa yetu ya sebuleni, pale pameandikwa AUX. Nikaweka Les Mangelepa.

Sauti ikatoka kama mbu ndani ya jagi. Nilifungua wufa mpaka mwisho, ikawa mbu mkubwa. Mzee akasikiza kama dakika moja, kichwa kimeinama, halafu akauliza, "Besi iko wapi?"

Nikadhani nimeuziwa mbovu. Nilimpigia fundi na hasira, akacheka. "Umeweka priampu?" Sikuwa nimeweka. Sikujua ni nini. Na hapa ndio nataka mnisikize vizuri, kwa sababu hii ndio sehemu hakuna mtu anawaambia dukani.

Katriji ya sumaku, hizi nzuri, hutoa umeme mdogo sana, kama milivolti 4 au 5. Simu yako au DVD hutoa mamia ya milivolti, na zaidi. Wufa imetengenezwa kupokea hiyo ya simu. Kwa hivyo unahitaji kijisanduku katikati cha kuongeza nguvu kama mara mia moja. Hiyo ndio priampu ya santuri. Ile ya mkoba haikuhitaji kwa sababu seramiki hutoa nguvu nyingi yenyewe, na ndio maana muuzaji anaweza kusema iko na kila kitu.

Lakini kuongeza sauti ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ndiyo iliniacha mdomo wazi. Wakati wa kukata santuri, besi hupunguzwa makusudi. Sauti nzito zinahitaji mfereji mpana, unayumba kushoto na kulia, na wangeziacha zilivyo mfereji mmoja ungeingilia jirani yake na wimbo usingetosha. Kwa hivyo wanazibana. Sauti za juu nazo wanaziongeza, ndio wakati wa kucheza zikipunguzwa, ule mchakarisho wa plastiki upungue nazo. Tangu 1954 kuna kipimo kimoja cha kufanya hivyo, kinaitwa RIAA. Kule chini kabisa, kwa hezi 20, besi imepunguzwa karibu desibeli 20, yaani imebaki moja ya kumi. Priampu inafanya kinyume kamili: inarudisha besi, inashusha zile za juu.

Elewa hiyo maana yake. Ukicheza santuri bila priampu, si eti unasikia muziki wa chini chini. Unasikia muziki nusu. Na kwa miziki yetu hiyo nusu iliyopotea ndio yenyewe. Benga bila besi ni nini? Lile gitaa la besi kwa benga haliko pale kusindikiza, ndilo linaongoza, linaruka, linakatiza. Mzee aliuliza swali sahihi ndani ya dakika moja bila kusoma kitu chochote.

Nikanunua priampu ya bei ya chini, kisanduku kidogo cha Behringer kinaitwa PP400, kinatoshea kwa kiganja. Kwa mtu anaanza kinatosha. Wale wa majukwaa ya wazungu watakuambia ununue ya dola mia tano, eti hewa kati ya vyombo, eti joto. Labda. Mimi spika zangu ni za wufa, hewa itapitia wapi? Ukiwa na pesa ya ziada, weka kwa sindano kwanza, halafu spika, halafu ndio urudi kwa priampu. Kitu kimoja tu cha kuangalia: imeandikwa MM, kwa hizi katriji za kawaida. Kuna aina nyingine inaitwa MC, hutoa umeme mdogo zaidi, mara nyingi chini ya nusu milivolti, na inataka priampu yenye nguvu zaidi. Hiyo ni ya watu wamelipa rent ya mwaka mzima.

Na kabla ununue, angalia kama unayo tayari. Ampu nyingi za zamani, zile nzito za mbao pembeni ziko kwa kina guka, zina shimo limeandikwa PHONO. Hiyo ni priampu iko ndani. Mashine mpya nazo, kama hiyo LP60X, zina priampu ndani na swichi nyuma: PHONO au LINE. Ukiweka LINE, chomeka AUX. Ukiweka PHONO, chomeka PHONO. Beshte yangu wa Donholm aliweka LINE akachomeka PHONO, priampu mbili zikapandana, na alikaa wiki mbili akilaumu santuri. Sauti ilikuwa kama matatu imepasuka spika. Nilienda nikasukuma swichi moja nikapewa pilau.

Kwetu, priampu ilipowekwa, kulitokea mvumo. Mmmmm, bila kuisha, mzee akisema ni stima za mtaa. Ilikuwa ni ule waya mwembamba wa tatu unaotoka nyuma ya mashine, wenye umbo la uma, ambao nilikuwa nimeukunja vizuri na kuufunga na raba nikidhani ni wa ziada. Huo ni waya wa athi. Unaufunga kwa skrubu ya priampu. Nikaufunga. Kimya.

Halafu Les Mangelepa tena. Besi ilitoka chini ya kiti. Mathe akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, na mzee akasema bila kumwangalia, "Unakumbuka hii?" na mathe akasema, "Nyamaza kwanza." Hiyo sikushoot. Simu ilikuwa kwa chaja, na hata ingekuwa mkononi sidhani ningeshoot.

Wengine wenu mtaniambia, si kuna Spotify. Iko, na hata mimi naitumia kila siku kwa mathree. Kwa nyimbo mpya sioni haja ya santuri, na mtu akinunua ile ya msanii wa juzi ndio aiweke ukutani, ni pesa yake. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya kilicho kwa sanduku la mzee hakiko huko, au kiko na kimenakiliwa kutoka kwa santuri iliyokwaruzwa kuliko yetu. Kama kwenu kuna sanduku kama hilo, usikimbilie kuweka sindano ya mkoba. Mimi nilikimbia.

Ile ya benga haikutoka kwa bahasha kwa miezi mitano. Nilijua iko hapo, namba ya mwisho upande wa kushoto, na nilikuwa naipita nikichagua zingine. Mzee pia. Kisha Jumapili moja ya Aprili mvua ikinyesha akaitoa mwenyewe, akaipanguza, akaigeuza. Akaweka upande B.

Mnajua single nyingi za wakati ule wimbo ulikatwa mara mbili. Sehemu ya kwanza upande A, hapo wanaimba, wanakupa hadithi ya msichana au ya shamba. Sehemu ya pili upande B, na mara nyingi hapo ndio maneno yanaisha na magitaa yanaachiliwa. Wiki ile ya shilingi tano, mimi kwa haraka zangu za kushoot, nilikuwa nacheza upande A peke yake. Ndio ulikuwa na kionjo kizuri cha kuanzia video. Upande B hakuna mtu alikuwa ameugusa tangu 2002.

Ulikuwa safi. Kuna mchakarisho hapa na pale, lakini gitaa la pili lilikuwa limesimama peke yake upande wa kulia wa kiti cha mzee, ungedhani unaweza kulinyooshea mkono. Wufa yetu ina spika moja mbovu, kwa hivyo huo upande wa kulia najua ni mimi nimejitungia. Mzee alionyesha kidole hewani pale rafiki yake alipokosea, mahali pamoja, anapajua mpaka leo, akacheka peke yake.

Nimeomba ruhusa ya kuurekodi na kuuweka mtandaoni ndio uwe mahali pengine mbali na sanduku letu. Amesema kwanza atafute watoto wa huyo rafiki yake, anasikia mmoja ako Kisumu. Tunangoja namba ya simu.